Vyakula vya Kugandishwa: Unachonunua na Unacholipia

Mazungumzo na wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, Dar es Salaam



Mwenyekiti wenu alipotuandikia kuomba msemaji, aliuliza swali moja tu: katika duka la vyakula vya kugandishwa, ni kipi cha bei nafuu kinachofaa kuingia nyumbani, na ni kipi ambacho unafuu wake ni wa machoni? Niseme mapema kwamba mimi si mkaguzi. Kazi yangu ofisini ni kuandika vijitabu vya kuwaelimisha walaji. Nusu ya ninayoyajua nimeyapata kwa wakaguzi, na nusu iliyobaki nimeipata katika duka la mtaani kwetu lenye majokofu matatu marefu, ambako hununua kitoweo karibu kila mwisho wa wiki. Kwa hiyo nitaanza na yale ninayoyanunua mwenyewe.

La kwanza ni njegere, kwa kuwa ndizo zinazodharauliwa zaidi. Wengi huamini kwamba njegere za pakiti ni za mvivu na kwamba zile za fungu sokoni ndizo zenye uhai. Lakini njegere huanza kupoteza utamu saa chache tu baada ya kuchumwa, sukari yake ikigeuka kuwa wanga. Zile za kiwandani huchovywa kwa muda mfupi katika maji ya moto ili kuzima vimeng'enya vinavyoziharibu, kisha hugandishwa kwa kasi. Zile za sokoni huenda zimekaa siku mbili au tatu ndani ya gunia kabla ya kufika mezani pa muuzaji. Ukilinganisha bei, kumbuka pia kwamba katika pakiti hakuna cha kuchambua wala cha kutupa, na unaweza kuchota kikombe kimoja leo ukarudisha zilizobaki zikiwa bado zimeganda. Kabla ya kulipa, tikisa pakiti. Punje zinapaswa kusikika zikigongana moja moja. Zikiwa donge, ni dalili kwamba ziliwahi kuyeyuka zikagandishwa upya.

Kasi hiyo ya kugandisha ndiyo kiini cha biashara nzima. Mmarekani Clarence Birdseye, aliyeishi Labrador, katika Kanada ya leo, miaka ya kabla na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, aliona jinsi Wainuit walivyovua samaki katika baridi kali. Samaki waliganda karibu papo hapo, na walipopikwa baadaye sana walikuwa bado na ladha ya samaki wabichi. Mwaka 1930 vyakula vilivyogandishwa kwa mtindo wake vilianza kuuzwa madukani mjini Springfield, Massachusetts. Chakula kinapoganda haraka, chembe za barafu ndani yake huwa ndogo. Kinapoganda polepole, chembe huwa kubwa, huchana nyama kwa ndani, na siku ya kuyeyuka maji hutiririka yakibeba ladha. Jokofu la nyumbani hugandisha polepole. Ndiyo maana kuku aliyeyeyushwa na kugandishwa tena nyumbani huwa mkavu kama pamba hata akipikwa na mpishi hodari.

Cha pili ni kisamvu kilichotwangwa. Ndugu zetu walioko Uingereza na Marekani hukinunua katika maduka ya Waafrika, mara nyingi kikiwa na jina la Kikongo, pondu au saka-saka, na sasa sisi tulio jirani na shamba tunakinunua vilevile, kwa sababu kinu kimekuwa adimu mijini kuliko jokofu. Sioni aibu. Ila lebo isomwe. Kisamvu kilichogandishwa kwa kawaida ni kibichi. Majani ya muhogo yana kemikali zinazotoa sumu ya sianidi. Kutwanga huifungua sumu hiyo na kuchemsha vizuri huiondoa, lakini baridi haiondoi kitu. Asidhani mtu kwamba kwa kuwa kimetoka katika pakiti safi, kinahitaji kupashwa moto tu.

Sasa nije kwa samaki, na hapa naomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Samaki wa kugandishwa hupakwa tabaka jembamba la barafu. Tabaka hilo lina kazi ya halali: humkinga samaki asikaushwe na hewa baridi, kwani akikauka hupata mabaka meupe, yasiyo na madhara kwa mlaji lakini yenye ladha ya karatasi. Tatizo huanza pale tabaka linaponenepeshwa na kupimwa pamoja na samaki. Viwango vya kimataifa vya Codex vinataka uzito halisi unaoandikwa kwenye kifungashio usihesabu barafu hiyo. Tuseme pakiti imeandikwa kilo moja na inauzwa shilingi 9,000. Ikiwa gramu 200 kati ya hizo ni barafu, umepata gramu 800 za samaki, na bei ya kweli ya kilo ni shilingi 11,250. Muuzaji wa pembeni anayeuza kwa shilingi 11,000 bila barafu, ambaye ulimpita ukimwona ghali, ndiye aliyekuwa nafuu.

Jaribio lake ni jepesi, na kikundi chenye mizani kinaweza kulifanya kwa niaba ya mtaa mzima. Mtoe samaki katika pakiti, mtumbukize katika maji baridi huku ukimgeuza kwa mkono, na mara utakapohisi ngozi yake badala ya utelezi wa barafu, mtoe. Mwache achuruzike maji juu ya chujio kwa dakika mbili, kisha mpime. Ndani awe bado mgumu, maana hatutaki kumyeyusha, tunataka kumvua koti tu. Nililifanya nyumbani kwa pakiti tatu za vipande vya sato kutoka maduka tofauti. Ile ya bei ya chini ndiyo iliyopungua zaidi, na nakiri kwamba ndiyo niliyokuwa nikiinunua miezi yote iliyotangulia.

Vibua ni kitoweo cha watu, nami nawapenda. Wana mafuta mazuri na bei yao inafikika. Lakini vibua na jodari wana hatari yao ya pekee. Wakikaa katika joto kabla ya kugandishwa, au wakiyeyuka dukani, bakteria hutengeneza ndani yao kemikali iitwayo histamini. Mlaji huweza kuwashwa mwili, uso kuwa mwekundu, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio, pengine dakika chache tu baada ya kula, akadhani ana mzio wa samaki. Histamini ikishatengenezwa haiondolewi kwa kugandisha, haiondolewi kwa kukaanga, wala ndimu haiigusi. Kwa hiyo kibua mwenye macho yaliyodidimia, tumbo lililopasuka na barafu yenye rangi ya damu chini ya trei, mwache hapo hapo hata akipewa bure.

Hiyo barafu ya rangi ya waridi naifahamu kwa namna ambayo ningependa nisiifahamu. Siku ya kupokea wageni wa posa ya dada yangu, mimi ndiye niliyetumwa kununua kuku, kwa kuwa ndiye "anayejua mambo ya chakula". Katika duka moja nilikuta kuku kumi walioshushwa bei. Pakiti zilikuwa zimeshikana, ndani yake mna theluji, na chini ya kila kuku mlikuwa na kipande cha barafu ya waridi. Dalili zote nilizokwisha kuziandika katika vijitabu zilikuwa mbele yangu. Nikanunua, kwa kuwa nilikuwa naokoa shilingi elfu ishirini. Usiku walipoanza kulainika, harufu ilijaza jiko. Mama hakusema neno. Alifajiri kwa mweka hazina wa kikundi chake, akakopa, na wageni walikula kuku wa mkopo huo, ambao aliulipa kwa miezi minne. Pale dukani sikurudi kudai chochote, kwa kuwa risiti sikuidai na pakiti nilikwisha kuzitupa.

Basi mnaponunua kuku, tazameni theluji ndani ya pakiti, tazameni rangi ya barafu, na tazameni pia jokofu lenyewe. Majokofu mengi ya wazi yana mstari unaoonyesha mwisho wa kujaza. Bidhaa iliyorundikwa juu ya mstari huo haipati baridi ya kutosha, hivyo ingiza mkono uchukue ya chini. Chakula kilichogandishwa kinapaswa kukaa katika nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo. Kugandisha hakuui bakteria wengi, huwasimamisha tu, nao huamka joto likirudi. Wanapenda hasa joto la kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na jiko la Dar es Salaam mchana wa Januari liko humo humo. Kuku ayeyushiwe katika sehemu ya chini ya friji usiku kucha, ndani ya bakuli, au akiwa katika mfuko uliofungwa ndani ya maji baridi yanayobadilishwa mara kwa mara. Kumwacha juu ya meza tangu asubuhi mpaka jioni ni kumlea bakteria.

Kuhusu umeme, najua mnalolisubiri. Jokofu lililojaa, lisipofunguliwa, huhifadhi baridi kwa takriban saa 48 baada ya umeme kukatika. Likiwa nusu, takriban saa 24. Adui ni yule anayefungua kila nusu saa kutazama kama vitu vimeharibika. Na kama mlikuwa safarini, hamjui umeme ulikatika kwa muda gani, tumieni hila hii: gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu, kiache ndani ya jokofu. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama katikati au chini ya kikombe, jokofu liliyeyuka likaganda tena ukiwa hupo, na nyama iliyomo isiliwe.

Wale mnaotengeneza sambusa na kuziuza zikiwa zimegandishwa, mmenifurahisha kuliko niwezavyo kusema. Sambusa za nyumbani ni miongoni mwa vyakula nafuu na bora ninavyovijua katika majokofu ya mtaani. Zipangeni kwanza kwenye sinia kwa safu moja zigande, ndipo ziingie mfukoni, ili zisishikane. Andikeni tarehe ya kutengenezwa na kilichomo ndani, hasa kama mna karanga, maana yuko mtoto ambaye karanga zinaweza kumuua. Mwambieni mteja azikaange zikiwa bado zimeganda, kwa moto wa wastani. Akiziyeyusha, manda hulowa na kupasuka ndani ya mafuta, kisha lawama mtaipata ninyi.

Mwisho, malalamiko. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na suala la mizani na vipimo ni la Wakala wa Vipimo. Ukishuku bidhaa, usiimalize na usiitupe. Kilichobaki kiwekwe kikiwa kimeganda, pamoja na kifungashio chake chenye namba ya toleo, na risiti. Kwa hivyo vitatu mkaguzi anaweza kurudi mpaka kwenye jokofu lilikotoka. Pakiti zenu mlizokuja nazo leo nimeziona pale mlangoni katika kasha la barafu. Beseni, chujio na mizani viko hapa mezani, na naomba mama mweka hazina aje tuanze na ile ya sato.