Mtoto Aliyeachishwa Ziwa na Gunia la Mahindi

(Mazungumzo juu ya kazi ya Daktari Hugh Trowell, kwa wasikilizaji wa Kitale na Bungoma)



Hakuna mtu wa Trans Nzoia wala wa Bungoma anayehitaji kufundishwa sifa za mahindi. Reli ilipofika Kitale mwaka 1926, gunia la mahindi lilipata njia ya kwenda sokoni. Mwaka 1955 ulianza huko huko Kitale utafiti wa kuzalisha mbegu chotara, na mwaka 1964 mbegu iitwayo H611 ikatolewa kwa wakulima. Vibarua wa mashamba makubwa walipewa posho, kwa kawaida ratili mbili za unga kwa siku, hata neno posho likawa jina la unga wenyewe. Wimbi na mtama, ambavyo wazee wa Kibukusu walisongea ugali wao, vikasukumwa pembezoni mwa shamba. Mahindi yameshibisha nyumba nyingi, wala jambo hilo lisidharauliwe. Hata hivyo tumbo laweza kujaa na mwili ukakosa kitu, na ni habari hiyo iliyomshughulisha Daktari Hugh Trowell muda wa karibu miaka thelathini katika nchi hizi.

Daktari Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea uganga katika hospitali ya St Thomas's huko London, na mwaka 1929 akaja Kenya katika utumishi wa Serikali. Mwaka 1935 alihamia Uganda, akawa mganga wa hospitali ya Mulago na mwalimu wa wanafunzi wa uganga wa Makerere. Tangu siku za Kenya alikuwa akiona watoto wa namna moja. Mtoto aliyekwisha kutembea hurudi kukaa kitako. Miguu na uso humvimba. Nywele zake hugeuka rangi ya kutu na kunyooka. Ngozi hubambuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Naye hununa, hataki mchezo wala chakula. Mtu asiyejua humtazama na kumdhani mnene. Wengi wa watoto hao walikufa, na katika vitabu vya hospitali wakaandikwa kuwa walikufa kwa minyoo au kwa homa.

Mwanzoni Daktari Trowell alidhani ugonjwa huo ni aina ya pelagra, yaani ugonjwa wa ngozi unaowapata watu wazima wanaokula mahindi matupu, na mwaka 1937 aliandika hivyo. Dawa za pelagra hazikuwaponya watoto. Wakati huo huo, ng'ambo ya pili ya Afrika, katika nchi ya Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, daktari mwanamke, Cicely Williams, alikuwa amekwisha kueleza ugonjwa ule ule. Mwaka 1935 aliutangaza kwa jina alilolipata kwa wanawake Waga, kwashiorkor, ambalo sisi twalitamka kwashakoo. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto anayeondolewa nafasi yake mwingine anapozaliwa. Aliona ya kuwa watoto hao walikuwa wakilishwa uji wa mahindi baada ya kuachishwa ziwa. Waganda nao walikuwa na neno lao, obwosi, wakiamini kwamba mimba mpya ya mama ndiyo inayomdhuru mtoto wa kwanza. Wanawake hao hawakuwa na darubini, lakini walikuwa wamekwisha kutaja saa ya ugonjwa, miaka mingi kabla ya waganga kuacha kubishana juu ya jina lake.

Huko Mulago Daktari J. N. P. Davies alichunguza maiti za watoto hao. Mwaka 1948 alionyesha kwamba kongosho, kiungo kinachotoa maji ya kusagia chakula tumboni, lilikuwa limenyauka, na ini limejaa mafuta. Basi ilikuwa wazi kwamba mtoto hawezi kupona kwa kupewa chakula cho chote kwa wingi, kwa kuwa tumbo lake halina tena nguvu ya kukisaga. Maziwa yaliyotolewa siagi, yakinyweshwa kidogo kidogo na mara kwa mara, ndiyo yaliyowarudishia watoto uhai. Mwaka 1954 Trowell, Davies na mwenzao R. F. A. Dean walitoa kitabu kikubwa kilichoitwa kwa jina la ugonjwa huo, nacho kikasomwa katika vyuo vya uganga vya dunia nzima.

Hapana budi kusema pia kwamba habari haikuishia kitabuni. Baada ya kitabu hicho mashirika ya dunia yalishika neno moja tu, protini, yakafanya kana kwamba protini peke yake ndiyo inayokosekana kila mahali. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliwakemea wazi wazi. Mwaka 2013 watafiti walitoa habari za mapacha wa Malawi, waliolala nyumba moja na kula chungu kimoja, mmoja akapata kwashakoo na mwingine asipate. Wakagundua kwamba vijidudu vilivyomo matumboni mwao vilikuwa na sehemu katika jambo hilo. Kwa hiyo mama asihukumiwe upesi. Siku hizi mtoto mgonjwa huanzishwa kwa maziwa mepesi maalumu hospitalini, kisha hupewa chakula kilichotengenezwa kwa karanga, unga wa maziwa, mafuta, sukari na vitamini, ambacho aweza kukilia nyumbani.

Kwa mtoto ambaye bado hajaugua, Mulago ilipata njia isiyohitaji kiwanda. Mwaka 1965 kilifunguliwa huko kituo kiitwacho Mwanamugimu, ambapo akina mama walifundishwa kupika kitobero: chakula cha nguvu kama vile ndizi au unga, pamoja na maharagwe au karanga zilizopondwa, na kidogo cha maziwa, yai au samaki kama kipo, vyote vikapikwa pamoja na kulainishwa kwa ajili ya mtoto peke yake. Mama wa Bungoma hana haja ya kusafiri kutafuta vitu hivyo. Maharagwe hupandwa katikati ya mahindi yake, kunde na saka humea karibu na mlango, na omena wauzwa sokoni. Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi, maana mama anayetoka shambani jioni na kuni kichwani hana mikono ya kutosha kupika vyungu viwili. Hesabu zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2022 zilionyesha kwamba watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika West Pokot, ambayo mtu wa Kitale huiona mlimani akigeuka kaskazini, walikuwa karibu 34.

Upande wa pili wa kazi ya Daktari Trowell unahusu magonjwa ambayo hakuyaona. Mwaka 1929 daktari wa Serikali aliyeitwa Donnison, aliyekaa South Kavirondo kwa muda wa karibu miaka miwili, aliandika kwamba katika wagonjwa 1,800 waliolazwa hospitalini mwake hakumpata hata mmoja mwenye shinikizo la damu. Watu wa Bungoma wakati huo walihesabiwa katika North Kavirondo, yaani jirani zake. Donnison alidhani sababu kubwa ni kwamba watu hao hawajapatwa na mashaka ya maisha ya kisasa. Kana kwamba mtu anayetafuta kodi ya kibanda huku kipande kinamning'inia shingoni hana mashaka. Trowell alitazama chakula. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya magonjwa yasiyoambukiza katika Afrika, akaonyesha jinsi kisukari, ugonjwa wa mishipa ya moyo na maradhi kadhaa ya utumbo yalivyokuwa nadra. Wako waliompinga, wakasema kwamba wazee walikuwa wachache na wengi hawakufika hospitalini. Hoja hiyo ina uzito, ingawa haielezi yote.

Trowell alikuwa amekwisha kurudi Uingereza na kuwa kasisi. Huko aliungana tena na Denis Burkitt, aliyekuwa daktari mpasuaji wa Mulago, wakashikilia kwamba lile kapi linalotupwa na mashine za kusaga ndilo lililowakinga watu. Mwaka 1972 Trowell aliandika maelezo ya nyuzinyuzi za chakula: masalio ya mimea ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuyasaga. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishia chakula Wamarekani weusi 20 na watu 20 wa mashambani Afrika Kusini kwa majuma mawili tu. Utumbo wa Wamarekani, waliopewa chakula cha nyuzinyuzi nyingi, ulipungua uvimbe na dalili za hatari, na ule wa Waafrika, waliopewa nyama na mafuta ya Kimarekani, ukaongezeka.

Mwaka huo huo wa 2015 uchunguzi wa Serikali ya Kenya ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini walikuwa na shinikizo la damu. Ilikuwa miaka 86 tangu Donnison aandike kwamba hakumwona mgonjwa hata mmoja. Chumvi, sukari, mafuta, sigara, pombe na kukaa kitako vyote vina sehemu, wala si haki kuutwika unga mzigo wote. Lakini unga umo kila siku mezani. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi wa pakiti utiwe vitamini na madini. Unga wa kinu cha sokoni mara nyingi hauna nyongeza hizo, ila hubaki na kapi na kiini chake, kama mahindi hayakukobolewa kwanza. Ule wa pakiti una nyongeza, lakini kapi lake limekwisha kutolewa na kuuzwa kuwa chakula cha ng'ombe na kuku.