Ruzuku ya Mto ni Deni la Mwananchi

(Hotuba kwa wanachama wa vyama vya watumiaji maji wa Meru na Embu)



Neno ruzuku lina utamu wake. Mtu akilisikia hudhani ni zawadi, na zawadi haihojiwi. Leo twataka kulipima neno hilo, kwa kuwa kwa jina lake mito yetu imepata fedha nyingi, nasi wenye mito tumezoezwa kushukuru pasipo kuuliza.

Mwaka 2004 ulianza mradi wa majaribio wa kuhifadhi maliasili mashariki ya Mlima Kenya. Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, yaani IFAD, ulitoa zaidi ya dola milioni 16 za Marekani, na Mfuko wa Mazingira Duniani ukaongeza karibu milioni 5. Mwaka 2012 ukafuata mradi mkubwa zaidi wa Tana ya Juu, uliohusu Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka-Nithi na Meru. Vyama vya watumiaji maji vilipewa ruzuku za kupanda miti na kuhifadhi kingo za mito na chemchemi.

Lakini, ndugu zetu, fedha hizo za IFAD zilikuwa mkopo kwa Serikali ya Kenya. Kilichofika kijijini kikiitwa ruzuku, Hazina kiliandikwa deni. Na deni hilo hulipwa kwa kodi tunayotozwa tununuapo sabuni na mafuta. Basi mwanakijiji aliyepokea miche kwa shukrani ndiye huyo huyo aliyekopa. Na mkopaji ana haki ya kuuliza.

Tuulize nini? Tuulize habari za maji yenyewe. Mto Kathita hushuka kutoka mlimani, ukapita mji wa Meru, ukateremka hadi Tharaka kabla ya kuingia Tana. Rupingazi nao hupita kando ya mji wa Embu. Maji ya kuoshea kahawa yakimwagwa mtoni kabla ya kutuama katika mashimo, uchafu wake huoza na kumaliza oksijeni ambayo samaki huitegemea. Shamba likilimwa hadi ukingoni, mvua huteremsha udongo pamoja na mbolea na dawa. Miji nayo huongeza majitaka na mafuta ya gereji. Anayeumia ni yule wa chini: mama wa Tharaka anayechota maji hawezi kujua ni nani huku juu aliyemwaga nini.

Kwa hiyo idadi ya miche na ya semina si kipimo cha kutosha. Miche elfu yaweza kupandwa na mto ukabaki mchafu. Kipimo ni maji: yapimwe juu ya mji na chini yake kabla fedha hazijatumiwa, yapimwe tena baadaye, na majibu yasomwe mbele ya watu.

Haya si maombi ya hisani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Na cha 201 kinataka fedha za umma zitumiwe kwa uwazi, wananchi wakishiriki. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama vyetu, na kuupa Mfuko wa Amana wa Sekta ya Maji kazi ya kutoa ruzuku, ikiwamo kwa juhudi za jamii za kutunza vyanzo vya maji.

Basi tunadai mambo matatu. Kila ruzuku itangazwe barazani: kiasi chake, asili yake, na kama ni mkopo au la. Vipimo vya maji vibandikwe ofisi ya chifu na sokoni. Na watu wa chini ya mto wapewe viti katika kamati za juu, maana wao ndio wanywao matokeo ya maamuzi yetu.

Zamani aliyeuliza fedha za umma zimekwenda wapi aliitwa mchochezi. Wengi waliteseka ili swali hilo liwe halali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tukirudi vijijini, kila chama kianze na daftari lake chenyewe: kilifungue mbele ya wanachama, kisha kiende kudai la Serikali.