Mtu wa Kiti cha Mbele Katika Gari la Zimamoto

Juma hili naomba tumzungumzie mtu mmoja ambaye wengi wetu tumemwona mara nyingi lakini hatujapata kumtazama. Gari la zimamoto linapopita likipiga king'ora, mbele kabisa, kushoto kwa dereva, huwa amekaa mtu mwenye simu ya upepo mkononi. Cheo chake si kikubwa. Pengine ni sajini, pengine ni mkaguzi msaidizi. Chini yake wapo askari wanne, watano au sita, na gari moja. Hana ofisi yenye kiyoyozi wala katibu muhtasi. Hata hivyo, katika jeshi zima, kuanzia kamishna jenerali hadi kuruta aliyemaliza mafunzo jana, sidhani kama yuko anayelazimika kuamua mambo mazito kwa muda mfupi kama yeye. Wenyewe wana majina yao ya vyeo. Mimi leo nitamwita mkuu wa gari.

Nimemchagua kwa sababu ndiye tunayemtukana. Kamishna hayupo pale barabarani, waziri hayupo, mwenye jengo mara nyingi hayupo, na yule fundi wa vichochoroni aliyeunganisha nyaya za umeme ovyo ovyo naye hayupo. Aliyepo ni huyu. Nasi tuna mashtaka yetu matatu yasiyobadilika mwaka hadi mwaka: wamechelewa, wamekuja bila maji, wamesimama wanashangaa.

La kwanza naliacha, maana kila anayezijua foleni za jiji hili anajua sehemu kubwa ya jibu. Nianze na la tatu.

Katika kazi hii ya kukimbilia habari nimesimama kwenye matukio ya moto mengi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Moja lilikuwa la safu ya maduka, mchana kweupe. Gari lilifika, mkuu wa gari akateremka, na badala ya kushika mpira wa maji akaanza kutembea. Alikwenda mpaka nyuma ya jengo, akapotea, akatokea upande wa pili, akasimama akitazama juu. Umati ukachemka. "Huyu amekuja kutalii!" kijana mmoja alipiga kelele, na wenzake walikuwa wameshaanza kuvuta mipira ya maji wenyewe. Baadaye nilimwuliza mzimamoto mmoja mstaafu kuhusu matembezi yale. Mzee yule alicheka, akasema kwamba ule mzunguko ndio kazi yenyewe, na kwamba mkuu wa gari anayeshuka na kukimbilia mpira bila kuzunguka ni wa kuogopwa na askari wake mwenyewe.

Anatafuta nini huko nyuma? Anatafuta kwanza kama ndani mna mtu, na kama yumo, yuko upande gani. Anatazama moto unakoelekea, kwa sababu pale ulipo kila mtu anapaona. Anausoma moshi. Moshi mweusi mzito unaosukumwa kwa nguvu kutoka kwenye matundu ya paa unamwambia kwamba ndani joto limepanda sana, na kwamba likifikia nyuzi 500 au 600 vyote vilivyomo chumbani vitawaka kwa pamoja, kuanzia godoro hadi pazia. Chumba kilichofungwa kikakosa hewa kina hatari yake nyingine: ukivunja mlango unakipa hewa kilichokuwa kinaingoja, na mlipuko unaweza kumtupa aliyeuvunja hadi barabarani. Kuna umeme, je, umekatwa? Kuna mitungi ya gesi? Madirisha yana nondo? Paa limeanza kubonyea? Ndipo anapoinua simu ya upepo na kusema mambo matatu: anachokiona, anachokwenda kufanya, na anachohitaji aongezewe. Yote hayo dakika moja, au mbili ikiwa jengo ni kubwa.

Sasa hili la maji. Tuchukue gari lenye tangi la lita 4,000, ambalo si dogo. Mpira mmoja wa kuzimia moto wa jengo hutoa lita 400 hadi 500 kwa dakika. Fungua mipira miwili, na maji yamekwisha katika dakika nne au tano. Gari halikuja bila maji, ndugu yangu. Lilikuja na maji ya dakika tano, na dakika tano zilipita huku wewe unatafuta mahali pazuri pa kusimama. Ndiyo maana mkuu wa gari, kabla hata moto haujamshughulisha, analazimika kujua maji mengine yatatoka wapi: bomba la zimamoto la barabarani liko wapi, na je, linatoa maji? Nimeona kwa macho yangu bomba la namna hiyo likiwa ndani ya kibanda cha biashara, limegeuzwa meza ya kuwekea ndoo. Nalo likifunguliwa, lisipotoa kitu, lawama zinamrudia yule yule wa kiti cha mbele.

Lakini wajibu wake mzito kuliko yote hauonekani na watazamaji, nao ni kuhesabu watu wake. Askari anayeingia kwenye moshi hubeba mtungi wa hewa mgongoni. Mtungi ulioandikwa dakika 30 unaweza kwisha katika dakika 20 au pungufu kwa mtu anayetumia nguvu, na lazima ibaki hewa ya kurudia, maana njia ya kutoka ina urefu ule ule wa kuingilia. Mkuu wa gari anapaswa kujua nani kaingia, saa ngapi, na mwenzake ni nani, kwa sababu hakuna anayeingia peke yake. Na ni lazima ajue wakati wa kuwaambia watoke, hata kama wao wanaona wamebakiza kidogo tu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukimwaga lita 10,000 kwenye sakafu ya juu, umeweka tani 10 juu ya nguzo ambazo moto umekuwa ukizila.

Hapo ndipo linapokuja neno gumu. Kanuni inayofundishwa kwa wazimamoto katika nchi nyingi ni kwamba kwa ajili ya uhai unaoweza kuokolewa, askari atahatarisha sana maisha yake; kwa ajili ya mali atahatarisha kidogo; kwa kile ambacho kimeshapotea hatahatarisha chochote. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Ipeleke Kariakoo, mbele ya mama ambaye mtaji wake wote umo ndani, pamoja na mkopo ambao hajaanza kuulipa. Anawaona askari wamevaa kofia na makoti ya moto, wana mitungi, na hawaingii. Mkuu wa gari ndiye anayewazuia. Mama yule atamlaani, nami siwezi kumlaumu mama. Ila askari wale nao wana wazazi na watoto, na duka lisilo na mtu ndani halistahili jeneza.

Msikilizaji mmoja anaweza kusema, basi huko Ulaya mambo haya wameyamaliza. La hasha. Tarehe 14 Juni 2017, saa 6:54 usiku kwa saa za London, simu ililia: jikoni katika nyumba moja ya ghorofa ya nne ya jengo la Grenfell Tower kulikuwa na moto ulioanzia kwenye jokofu. Jengo lilikuwa la ghorofa 24, lenye ngazi moja tu ya kushukia. Gari la kwanza lilifika katika muda wa dakika tano hivi. Aliyeongoza mwanzoni alikuwa mkuu wa zamu, mtu mzoefu lakini wa cheo cha chini kiasi. Askari wake waliingia, wakaufikia moto wa jikoni, wakaupiga maji. Kwa mioto yote waliyozoea kuizima, kazi hapo ingekuwa imekwisha. Kumbe moto ulikuwa umetokea dirishani na kushika vibao vilivyobandikwa nje ya jengo wakati wa ukarabati: alumini nje, plastiki katikati. Ilipofika saa 7:27 ulikuwa umepanda mpaka juu kabisa.

Kule kulikuwa na kanuni ya kukaa ndani. Nyumba ya jirani ikiwaka, wewe funga mlango utulie, kwa kuwa kuta za zege zitauzuia moto. Kanuni ile si ya kipumbavu. Imeokoa wengi, na inaiacha ngazi wazi kwa wazimamoto. Lakini usiku ule kuta za zege hazikuwa na maana, kwa kuwa moto ulikuwa unapanda nje na kuingilia madirishani. Mtu alitakiwa asimame pale chini, atazame juu, aseme: kanuni imekufa, wote watoke. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji mstaafu Sir Martin Moore-Bick, katika ripoti yake ya Oktoba 2019, ilisema kwamba amri ya kutoka ingeweza kutolewa kati ya saa 7:30 na saa 7:50, na kwamba maisha zaidi yangeokolewa. Ilitolewa saa 8:47, baada ya uongozi kupita mikononi mwa wakubwa kadhaa. Walikufa watu 72.

Je, tumlaumu yule mkuu wa zamu? Tume yenyewe ilieleza kwamba viongozi wa mwanzo hawakuwa wamefundishwa jinsi ya kutambua kwamba jengo lapaswa kuhamwa, wala jinsi ya kuliendesha zoezi hilo. Ripoti ya pili, ya Septemba 2024, ilikwenda mbali zaidi: ilizitaja serikali zilizopuuza maonyo kwa miaka mingi, na kampuni zilizouza vifaa vile huku zikificha ukweli kuhusu jinsi vinavyowaka. Kwa maoni yangu, wakubwa wale wote walikuwa na miaka ya kuamua. Yule wa kiti cha mbele alipewa dakika, tena usiku, akiwa hajaambiwa jengo limevishwa nini.

Kuna tukio jingine la zamani ambalo wazimamoto wa Marekani hulisimulia hadi leo. Tarehe 5 Agosti 1949, kwenye bonde la Mann Gulch katika jimbo la Montana, kiongozi wa kikosi aliyeitwa Wagner Dodge alikimbizwa na moto wa nyika pamoja na vijana wake, kupanda mlima mkali. Alipoona hawatawahi kufika juu, aliwasha kiberiti akachoma nyasi mbele yake, akawaita vijana walale naye kwenye majivu, mahali ambapo moto mkubwa usingepata cha kuchoma. Hawakumfuata, walikimbia. Dodge alipona. Vijana wawili walipata upenyo wa kupita, na watu 13 walikufa. Amri yake ilikuwa sahihi, lakini vijana wengi hawakuwa wamezoeana naye vya kutosha kuamini jambo la ajabu kama lile kwa sekunde chache. Wale waliowahi kuwa jeshini au kwenye timu ya mpira wanajua: kumwamini kiongozi kunajengwa kwenye mazoezi ya kila siku, wakati hakuna hatari, kwa kukunja mipira ya maji na kuikunjua hadi watu wachoke.

Turudi kwetu. Tanzania Bara zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri za miji mpaka ilipokuja Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Sheria hiyo iliunda jeshi moja, nalo lina kazi ya kukagua majengo. Kwangu mimi ukaguzi ndio nusu ya kazi ya mkuu wa gari, ile nusu isiyo na king'ora. Anapoingia kwenye ghorofa lako na watu wake, akauliza ufunguo wa mlango wa dharura anao nani, asidhaniwe anatafuta chai. Anachora ramani kichwani. Usiku atakaporudi hakutakuwa na taa, na atakuwa akitambaa akipapasa ukuta. Mabunda ya mitumba uliyoyapanga ngaziyo ni ukuta ambao haukuwamo kwenye ramani yake.

Na wakuu wa jeshi nao nawaomba wasimwachie mtu huyu kanuni peke yake. Majengo ya vioo na vibao vya kung'aa yameshaota Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Mkuu wa gari wa kituo cha jirani aambiwe leo kila moja limevishwa nini, lina ngazi ngapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema wote watoke. Jibu la swali hilo la mwisho liwe ni yeye, na lijulikane kabla ya moto, ili asisubiri ruhusa ya mtu aliye kwenye foleni.

Kwa upande wetu raia, kuna jambo moja dogo. Namba ya kupiga ni 114. Ukipiga, usiseme tu "kuna moto, njooni" ukakata. Taja mtaa na alama iliyo karibu, msikiti, shule au kituo cha daladala. Sema kinachowaka ni nini, jengo lina ghorofa ngapi, na kama unajua kuna mtu ndani, sema yuko upande gani. Kisha mtume kijana akasimame barabarani kulionyesha gari njia. Maneno yako yatafikishwa kwa yule mtu wa kiti cha mbele akiwa bado njiani, naye ataanza kuyafanyia kazi kabla magurudumu hayajasimama.