Njia ya Ziwani na Fedha za Kaunti

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kamati imetuagiza tuseme machache juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo katika mkutano wenye habari za mazishi, karo za watoto na akiba ya wajane. Jambo lenyewe ni njia za umma za kufikia Ziwa Naivasha, na fedha zinazozitunza njia hizo. Wanachama wetu wengi hawana mashua wala nyavu; lakini hakuna hata mmoja ambaye jikoni kwake hapajapata kukaangwa samaki wa ziwa hili.

Tuanze na uwindaji, kwa kuwa mfano wake watufaa. Baba zetu waliwinda. Chini ya utawala wa kikoloni, mtu aliyewinda kwa upinde bila leseni aliitwa mwizi, naye aliyewinda kwa bunduki na leseni aliitwa muungwana. Kisha mwaka 1977 Serikali ya Jamhuri ikapiga marufuku uwindaji wa wanyama pori. Hatusimami hapa kudai urudishwe, maana wanyama walikuwa wakiisha. Twautaja kwa sababu moja tu: mlango ule ulifungwa hadharani, kwa tangazo la Serikali, na kila mtu alijua siku uliofungwa. Mlango wa ziwani haufungwi hivyo. Hufungwa pole pole, bila tangazo lo lote, na mtu wa kulaumiwa haonekani.

Yafaa vijana wetu wajue ya kuwa karibu kila samaki anayeuzwa hapa aliletwa na binadamu. Aina moja ya tilapia ilitiwa ziwani mwaka 1925, na samaki wa besi kutoka Marekani akafuata mwaka 1929, ili wazungu wapate mchezo wa ndoano. Uvuvi wa nyavu kwa biashara ulianza mwaka 1959. Kamba wa maji matamu aliletwa mwaka 1970, na kapi, ambaye leo wengi humla bila kumwuliza alikotoka, alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Mwaka huo huo wa 2001 samaki walikuwa wamepungua mno hata uvuvi ukasimamishwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi. Basi ziwa hili si kama mvua inyeshayo yenyewe. Ni kama shamba: lahitaji mlinzi, mbegu, na njia ya kuingilia. Yote matatu hugharimu fedha.

Sasa tutazame njia. Sehemu kubwa ya ukingo wa ziwa imepakana na mashamba ya maua, hoteli na nyumba za watu binafsi, wenye seng'enge zao na mabawabu wao. Mtu wa kawaida hufika majini kwa kupitia mahali pachache, kama vile Kamere na Karagita, ambapo mashua hutiwa nanga na samaki hushushwa. Watu wa pwani wangepaita diko. Sisi twasema bichi, na jina halidhuru. Mahali hapo ni soko la akina mama wanaonunua kwa debe, na kwa watoto ndipo mahali pekee wanapoweza kuliona ziwa bila kumlipa mtu kiingilio.

Na ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Kuna miaka ambayo maji hurudi nyuma hata mtu akapanda mboga yalipokuwa. Kuna miaka mingine hupanda, kama ilivyotokea mwaka 2020, maji yalipoingia mtaa wa Kihoto na kuwatoa watu majumbani. Maji yapandapo, barabara ya bichi huzama, banda la kupimia samaki huzama, na choo huzama. Mwenye hoteli huita fundi akajenga gati jipya juu zaidi. Bichi ya umma haina wa kuita fundi ila Kaunti. Na kama fedha hazikutengwa, ukingo mkavu uliosalia huwa ni ua wa mtu. Ndivyo njia inavyopotea, Mabwana. Hakuna aliyeiba. Maji yalipanda, jiwe la mpaka likafunikwa, miaka mitatu ikapita, na seng'enge ikasogezwa ili ng'ombe wasiingie.

Tena kuna madhara yasiyoandikwa katika daftari la fedha. Kijana asiyepata bichi iliyo wazi hataacha kula. Atajipenyeza usiku katika mafunjo, akisimama ndani ya maji na wavu mkononi, na mafunjo hayo ndiyo makao ya kiboko. Tusiwaite vijana hao wahalifu tu, kisha tukanyamaza juu ya njia iliyozibwa mbele yao.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeiachia Serikali Kuu ulinzi wa mali ya asili, pamoja na uvuvi na uwindaji. Lakini kazi ya uvuvi ya kila siku imewekwa chini ya kilimo, mikononi mwa Kaunti. Kwa hiyo barua ya kulalamikia bichi yaweza kutumwa huku na huku kwa muda mrefu. Sisi tunaoshinda na kalamu maofisini twaijua desturi ya mahesabu: fedha zikipungua, mishahara haiguswi kwanza. Kinachokatwa ni tarakimu ndogo isiyo na mtetezi, kama petroli ya mashua ya doria, kifusi cha barabara au ujira wa mfagiaji. Karani hupiga mstari mmoja wa wino mwekundu, na hakuna anayepiga kelele.

Wako wasemao wavuvi wajitegemee. Wavuvi hulipia leseni, na vikundi vyao vya kusimamia bichi vina kanuni tangu mwaka 2007, hawakai bure. Wako pia wasemao hospitali ni bora kuliko bichi. Hilo hatubishani nalo. Lakini vitu vinavyoweza kungoja tuvitofautishe na visivyoweza. Bwawa jipya la kufugia samaki likiahirishwa mwaka mmoja, mwakani litachimbwa. Njia ya umma ikiachwa mwaka mmoja, mwakani tutaipata mahakamani, tena kama tuna wakili.

Sheria ya Fedha za Umma ya mwaka 2012 imeweka tarehe zake. Taarifa ya mpango wa fedha hufika katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 28 Februari, na makisio yenyewe kabla ya tarehe 30 Aprili, ili mwaka wa fedha uanze tarehe 1 Julai. Katika muda huo wananchi wana haki ya kusikizwa. Tusiende kuuliza fedha za uvuvi kwa jumla, maana fungu hilo laweza kunenepa huku likiwa na semina na posho tupu. Tuulize kwa jina: bichi hii imetengewa kiasi gani, na kwa kazi gani? Tena tuulize mara ya pili katikati ya mwaka, yaletwapo makisio ya nyongeza, kwa kuwa fedha zilizopitishwa mwezi wa Juni zaweza kuondolewa mwezi wa Januari watu wakiwa mashambani. Wakikataa kutuonyesha karatasi, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 yawapa siku 21 za kujibu ombi la maandishi.

Kwa hiyo Kamati yaomba mkutano huu ukubali mambo mawili. Kwanza, Katibu aandike kuomba ramani ya kila njia ya umma ya kufikia ziwa, pamoja na mahali pa mawe yake ya mipaka, na nakala zihifadhiwe katika sanduku la Chama. Pili, wanachama sita, watatu wao akina mama wauza samaki, wahudhurie vikao vya makisio na kuleta habari hapa. Nauli zao zitolewe katika fungu la safari. Mtunza Hazina ametuhakikishia kwamba fedha zipo, mradi wasafiri kwa matatu na kurudi na risiti. Majina yaandikwe mezani kwa Katibu kabla ya chai.