Mlaji Si Mwenye Kula Tu

Mada kwa wakazi wa kata



Neno "mlaji" halijawatendea haki wanaotajwa nalo. Wengi hulisikia wakadhani linahusu chakula pekee. Wengine, kwa kuwa "ulaji" mitaani ni fursa ya kujineemesha, humkumbuka mla rushwa. Ndiyo maana mama wa Mbagala aliyepewa ankara ya maji isiyolingana na mita yake hajitambui kuwa sheria inapotaja kumlinda mlaji, inamtaja yeye. "Mtumiaji" linaeleweka upesi zaidi, na baraza linalowatetea wateja wa maji na umeme mbele ya EWURA limelichukua katika jina lake: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji.

Hasara kubwa zaidi imo katika kauli ya mlalamikaji mwenyewe. Hufika dirishani akasema, "Naomba mnisaidie," kana kwamba anaomba hisani, ilhali amelipa. Mhudumu naye humjibu kwa pole, na pole haiandikwi popote. Anayesema "natoa lalamiko" na kudai namba ya kumbukumbu huondoka na ushahidi. Tarehe 15 Machi 1962, Rais Kennedy wa Marekani alipolipelekea Bunge la nchi yake ujumbe maalumu kuhusu haki nne za mlaji, mojawapo ilikuwa kusikilizwa. Tarehe hiyo ndiyo inayoadhimishwa duniani hadi leo.

Wafanyabiashara nao wana lugha yao. "Mali ikishauzwa hairudishwi" hupigwa muhuri kwenye stakabadhi, na mnunuzi wa jokofu bovu huisoma kama hukumu. Si hukumu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi dhidi ya bidhaa mbovu, na muhuri wa duka haufuti sheria. Muuzaji akikaidi, mlango wa kubisha ni Tume ya Ushindani. Mizani ikipunja, ni Wakala wa Vipimo. Nauli ya daladala ikizidi iliyopangwa, ni LATRA.

Kwa maji na umeme, lalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi. Asiporidhisha, hupelekwa EWURA. Anayekwenda huko achukue ankara, stakabadhi za malipo, picha ya mita yenye tarehe, na ile namba ya kumbukumbu aliyoidai dirishani.