Kuwasha Injini ya Mashua Nchi Kavu

Wasikilizaji wetu, jioni hii twapenda kusema nanyi habari za injini ya kupachika, ile ifungwayo nyuma ya mashua au mtumbwi. Twasema hasa na wavuvi na wachukuzi wa pwani na wa maziwa, na vijana waliokabidhiwa injini zisizo zao. Neno letu ni moja: injini hiyo isiwashwe nchi kavu, hata kwa kitambo kidogo.

Kwanza na tujue ukali wa moto uliomo ndani. Petroli iwakapo katika silinda, joto lake hupita digrii 2,000 za sentigredi. Sehemu kubwa ya injini yenyewe ni alumini, nayo alumini huyeyuka kwa digrii 660. Basi imekuwaje injini isiyeyuke? Ni kwa ajili ya maji. Kule chini, karibu na rafadha, pana vitundu. Maji huingia hapo, hupandishwa na pampu, huzunguka kuta za silinda, hulichukua joto na kutoka nalo. Maji ya bahari yetu huwa ya digrii 25 hadi 30, na mwogaji huyaona ya vuguvugu, lakini kwa injini ni baridi ya kutosha. Sehemu ya maji hayo hutoka nyuma kwa tundu dogo, membamba kama uzi, na nahodha mwangalifu huutazama uzi huo kila awashapo.

Pampu hiyo ni kitu kidogo sana. Ni gurudumu la mpira, la kuenea kiganjani, lenye mapezi yanayopinda-pinda ndani ya kikombe cha chuma. Halikupewa mafuta ya kulilainisha; maji linaloyasukuma ndiyo mafuta yake.

Wengi hudhani hatari ni joto la silinda tu, nao husema, “Twaiwasha nusu dakika, kisha twaizima kabla haijapata moto.” Hesabu hiyo haifai. Gurudumu limeshikwa na mhimili ushukao kutoka katika injini, nalo huzunguka sawasawa na injini. Tuseme injini yaenda polepole, mizunguko 800 kwa dakika. Katika nusu dakika hiyo gurudumu limekwisha kuzunguka mara 400, mpira mkavu ukisuguana na chuma kikavu. Mtu akiigusa injini juu huiona haijawa moto sana. Kumbe kule chini ncha za mapezi zimeungua au zimepasuka.

Ubaya wake ni kwamba madhara hayo hayaonekani siku ile. Injini imezimwa, nayo yaonekana nzima. Kesho yake mashua yatoka, na ikiwa mbali na pwani, kusi ikivuma, pezi moja lakatika, kisha la pili. Uzi wa maji wapungua, hata wakoma. Pistoni yapanuka kwa joto, yakwaruza ukuta wa silinda, mwisho yakwama, na watu waliomo chomboni, kama hawakuchukua makasia wala tanga, huchukuliwa na mkondo wa maji. Wakijaliwa kurudi, hulaumu mafuta, au fundi, au hata jicho la hasidi. Ile nusu dakika ya mchangani hapana aikumbukaye.

Desturi hii imezidi penye kuuza na kununua. Muuzaji huisimamisha injini pwani, huvuta kamba, injini yanguruma, na mnunuzi hutoa fedha zake kwa furaha. Ngurumo ile yashuhudia kwamba cheche na petroli ni njema. Juu ya pampu haisemi kitu, nayo yenyewe yaidhuru. Mnunuzi na aombe injini ishushwe majini, aitazame ikienda dakika kumi, na uzi wa maji usikatike.

Ikiwa bahari i mbali, pipa latosha. Injini ifungwe katika ubao ulio imara, rafadha iondolewe, na maji yajazwe hata yapite lile bamba bapa lililo juu ya mahali pa rafadha. Gia isitiwe. Kazi hiyo ifanywe uwanjani, si ndani ya banda lililofungwa, kwa maana moshi wa injini huua watu. Pipa hilo la maji matamu lafaa pia kwa kuosha chumvi baada ya safari ya baharini, maana chumvi huganda katika njia za maji na kuzifanya nyembamba.

Twajua zipo injini zinazopozwa kwa upepo, kama za pikipiki, na watu wengine huzitumia katika mitumbwi. Hizo hazimo katika maneno yetu.

Na kama injini imekwisha kuwashwa kavu? Izimwe mara moja. Isimwagiwe maji ya baridi, kwa kuwa chuma chenye moto kikipozwa ghafula huweza kupinda au kupasuka. Iachwe ipoe yenyewe, kisha fundi aifungue pampu na kuyahesabu mapezi. Gurudumu likiwa lilikuwa na mapezi sita, naye akaona matano, asitie jipya na kufunga upesi: kipande cha sita kimepanda na maji, kimekaa mahali katika zile njia nyembamba, na hana budi kukitafuta mpaka akione.