*NDEGE ZETU: TUDAI HESABU*



Haya ndiyo tuliyoyazungumza barazani jana usiku. Tunawatumia na nyinyi mliokuwa kazini mahotelini na bandarini.

Wazee wetu wanaikumbuka East African Airways. Ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha shirika lake. Mwaka 2002 South African Airways iliingia ubia kwa asilimia 49. Mwaka 2006 ubia ukafa. Tangu 2016 Serikali imenunua ndege mpya, na sote tulifurahi. Lakini ripoti ya CAG ya mwaka 2023/24 inaonyesha hasara ya shilingi bilioni 91.8, kutoka bilioni 56.6 mwaka wa kabla.

Ndege ni kama daladala: ikilala, haiingizi kitu, lakini bima, mishahara na kodi ya ndege havilali. Airbus zetu za A220 zimewahi kulala kwa matatizo ya injini. Tena, injini huhesabiwa kwa kila kupaa na kutua, kwa hiyo safari fupi ya Unguja na Dar es Salaam huila haraka. Juu yake, shirika la aina hii linabeba mzigo wa abiria na kumpa chakula, wakati mashindano yake ya bei ni boti ya Malindi.

Pesa nyingi ziko kwenye safari za mbali. Watalii wa Ulaya wanatua hapa Kisauni kwa ndege za wageni, na nauli inarudi huko huko. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kwa sababu za usalama.

Hatusemi shirika liuzwe. Tunadai matatu:

1. Kila njia itolewe hesabu yake hadharani. Njia ya hasara inayohitajika kwa wananchi ilipiwe waziwazi katika bajeti.
2. Kabla ya ndege nyengine, zipatikane injini za akiba na vijana wetu wasomeshwe ufundi.
3. Masharti ya usalama yatimizwe, na wananchi waambiwe yalipofikia.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha hizi ni za kodi zetu.

Mwenye swali au asiyekubaliana nasi, aje barazani Ijumaa baada ya Isha. Tutayaandika na kuyafikisha kwa wawakilishi wetu.

*Uongozi wa Tawi*